Jeraha Lisilo Dawa wala Daawa

Mzee wa Biliqo alifungua vifungo viwili vya shati lake, akanionyesha ubavu wake wa kushoto. Hapo pana kovu refu jeusi, limekunjamana kama mdomo wa kiriba kilichofungwa kamba. "Wewe watoka mjini," akanambia kwa kinywa cha mjukuu wake aliyekuwa akitutafsiria Kiborana, "na twasikia huko mjini wako mawakili ambao kazi yao ni majeraha. Mtu akigongwa na gari, wao humdai mwenye gari mpaka akalipa. Je, wa jeraha hili yuko?"

Nalinyamaza. Mimi si wakili. Elimu yangu ya mwanzo ni ya chuoni, na mkate wangu naupata kwa kalamu. Lakini swali la mzee yule lilinikaa rohoni, na haya nisemayo leo ni jawabu yake, ijapokuwa imechelewa.

Kwanza nieleze nalifikaje huko, kwani wasomaji wangu wengi wa pwani jina la Biliqo hawajapata kulisikia. Ni kijiji cha Waborana katika kaunti ya Isiolo, upande wa Merti. Nchi ya ngamia na mbuzi, nchi ya migunga na vumbi. Mto Ewaso Nyiro, ukisha kupita Archer's Post, huteremka upande huu kabla ya kwenda kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Watu wake ni Waislamu, wakarimu, na maziwa ya ngamia hawamnyimi mgeni. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa afanyaye biashara ya mbuzi ndiye aliyenichukua, kwani mbuzi wa Merti sifa zao zimefika mbali. Yeye alifuata mbuzi, mimi nikafuata maneno, kama ilivyo ada yangu. Akarudi na mzigo wa mbuzi, nami nikarudi na mzigo wa swali.

Mzee aliponiuliza vile, jambo la kwanza lililonijia ni mlango wa diya tuliosomeshwa utotoni. Mwalimu wetu alikuwa akiutaja na kuhesabu kwa vidole: roho ya mtu aliyeuawa bila kukusudiwa, ngamia 100, jicho moja, ngamia 50, mkono mmoja, 50, kidole, ngamia 10, jino, ngamia 5. Sisi watoto wa Lamu tulikuwa tukichekeana, kwani mnyama wetu ni punda, na ngamia tulikuwa tukimjua kwa jina tu. Nilipomhadithia mzee, naye alicheka. Akasema huku kwao hesabu hiyo si ya kitabuni tu. Watu wakiuana malishoni, wazee hukaa chini ya mti, na mifugo huhesabiwa kweli. Hata Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililowakutanisha wazee na maafisa wa serikali wa wilaya za kaskazini, liliweka fidia ya mifugo kwa aliyeuawa, ili kisasi kisizae kisasi kingine.

Maana ya diya ni hii: jeraha si bahati mbaya tu, ni deni. Aliyekatwa kidole ana haki juu ya aliyemkata, na haki hiyo ina kipimo. Wakili wa majeraha wa leo, avae suti asivae, kazi yake ni hiyo hiyo ya mwalimu wetu wa chuoni: kuhesabu jicho ni kiasi gani na mguu ni kiasi gani, kisha kumtafuta wa kulipa.

Lakini mwenye jeraha wa Kenya hawezi kulipeleka kwa kadhi. Katiba, kifungu cha 170, imempa kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu. Kovu la mzee si ndoa wala si mirathi. Hilo ni la hakimu wa serikali, na kwa hakimu kuna lugha yake, karatasi zake na saa yake.

Hebu tuitazame saa hiyo. Mtu aliyegongwa na gari hupewa na sheria miaka 3 ya kufungua daawa. Aende polisi, tukio liandikwe, aende kwa daktari, fomu ya P3 ijazwe, apate wakili, wakili amtafute mwenye gari na kampuni ya bima, kwani kila gari la barabarani lazima liwe na bima ya kuwalipa wengine. Hiyo ndiyo kazi iliyo mezani kwa mawakili wengi wa miji yetu, Isiolo na Mombasa sawasawa. Ama aliyeumizwa na serikali yenyewe, saa yake huenda mbio zaidi: miezi 12 tu, kisha mlango hufungwa. Mwenye nguvu kapewa muda mchache wa kuogopa, na mnyonge kapewa muda mchache wa kudai.

Tena kuna jambo la fedha. Sheria ya mawakili ya Kenya inamkataza wakili kupatana na mteja kwamba hatamlipa kitu ila wakishinda. Wazee wa sheria walihofia mawakili wasije wakageuka wachuuzi wa daawa, na hofu yao ilikuwa na maana. Lakini mchungaji wa Biliqo atatoa wapi fedha za kuanzia? Huko Uingereza mapatano ya namna hiyo yaliruhusiwa tangu mwaka 1995, na kwa njia hiyo mtu asiye na kitu aliweza kusimama mbele ya jaji akashindana na mwenye kila kitu.

Hapo ndipo nilipomhadithia mzee habari za wakili mmoja wa London, jina lake Martyn Day. Mwaka 1987 yeye na mwenziwe Sarah Leigh walifungua ofisi yao, wakachukua kazi ambazo wengine walizikimbia. Mwanzo wake haukuwa wa ushindi. Aliwasimamia wazazi walioamini kuwa kiwanda cha nyuklia cha Sellafield ndicho kilichowaletea watoto wao saratani ya damu, na mwaka 1993 akashindwa. Akawasimamia wagonjwa wa saratani ya mapafu dhidi ya makampuni ya sigara, na mwaka 1999 daawa ile ikavunjika. Akawasimamia wanajeshi wa Kiingereza waliofungwa na kuteswa na Wajapani katika vita vikuu vya pili, na mwaka 1998 mahakama ya Tokyo ikawakatalia.

Hiyo daawa ya Wajapani ina funzo, na nawaomba wasomaji waiweke akilini, kwani tutairudia. Wazee wale hawakuitegemea korti peke yake. Mfalme wa Japani alipozuru London mwaka huo huo wa 1998, walisimama njiani wakampa mgongo. Wakawafuata wabunge, wakapiga kelele za siasa, hata mwaka 2000 serikali yao wenyewe ya Uingereza ikakubali kumpa kila mmoja wao pauni 10,000. Walichonyimwa na jaji walikipata kwa siasa.

Baada ya hapo wakili huyo alikuja huku kwetu. Kwa zaidi ya miaka 50 jeshi la Uingereza lilikuwa likifanya mazoezi ya vita katika nyika za Dol Dol na Archer's Post. Mazoezi yalipokwisha, askari waliondoka, na mizinga isiyolipuka ikabaki mchangani. Mtoto mchungaji huona chuma king'aacho, hukiokota, hukigonga kwa jiwe. Wengine walikufa pale pale. Wengine walirudi nyumbani bila mikono au bila macho. Wamaasai na Wasamburu walioumia, na jamaa za waliokufa, walikusanya habari zao, na mwezi wa Julai 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu 228.

Mzee alinikatiza hapo. "Archer's Post si mbali," akasema. "Maji tunywayo hupita kwao kwanza."

Nikamwambia, ndivyo. Lakini nikamwambia pia yaliyofuata, kwani msimulizi asiyesema kasoro ni muongo. Habari za fedha zilipoenea, madalali walizagaa. Wakaja madai mengine mengi, na katika uchunguzi wa madai ya wanawake waliosema wamenajisiwa na askari, wachunguzi wa jeshi la Uingereza walidai kuwa karatasi za polisi na za hospitali zilikuwa za kughushi. Mwenye jeraha la kweli akachanganywa na mwenye jeraha la karatasi, na wa kweli ndiye aliyeumia mara ya pili. Huyo wakili naye hakusalimika na lawama maishani mwake: mwaka 2017 alisimamishwa mbele ya baraza la nidhamu la mawakili wa Uingereza kwa kadhia ya raia wa Iraki, na baraza likamwondolea mashtaka. Kazi ya majeraha humpaka damu hata anayeyafunga.

Kazi yake iliyovuma zaidi Kenya ni ile ya Mau Mau. Mwaka 2009 wazee watano walifungua daawa London juu ya mateso ya kambi za mkoloni za miaka ya 1950. Serikali ya Uingereza ilileta hoja moja baada ya nyingine. Kwanza ikasema deni hilo si lake, ni la serikali ya Kenya iliyorithi. Mwaka 2011 jaji akakataa daawa isizimwe kwa hoja hiyo. Kisha ikasema muda umepita mno. Mwezi wa Oktoba 2012 jaji akaamua kuwa kesi ya Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara yaweza kusikizwa, kwani makaratasi ya serikali yenyewe yalikuwako na ushahidi haujapotea. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisimama Bungeni akasema serikali yake inasikitika, na pauni milioni 19.9 zikakubaliwa kwa ajili ya watu 5,228, pamoja na gharama. Kumbukumbu ya waliopata mateso ikajengwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, ikazinduliwa mwaka 2015.

Msidhani mlango ule ulibaki wazi. Watu wengine zaidi ya 40,000 waliufuata kwa mawakili wengine, na mwaka 2018 mahakama ya London ikawakatalia, ikisema muda umepita. Mlango ulifunguka kwa wachache, ukafungwa kwa wengi.

Mzee alisikiliza hayo yote kwa utulivu. Kisha akauliza swali ambalo nalijua litakuja. "Hao wa Mau Mau waliumizwa kabla yangu. Wao walilipwa. Mimi mbona sikulipwa?"

Hapa, wasomaji wangu, nawaomba masikio yenu, kwani jambo hili si la Isiolo peke yake.

Kenya ilipopata uhuru, watu wengi wa kaskazini walitaka kuungana na Somalia, na vita vilivyoitwa vya mashifta vikazuka. Siku za mwanzo kabisa, mwezi wa Juni 1963, Isiolo ilipoteza wakubwa wake wawili kwa risasi siku moja: mkuu wa wilaya Daudi Dabasso Wabera, ambaye barabara ya Nairobi imeitwa kwa jina lake, na chifu Haji Galma Dido. Kisha raia wakabanwa baina ya pande mbili. Waborana wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, huko Merti, Garba Tulla na Modogashe. Mifugo ikafa kwa kukosa malisho, mingine ikapigwa risasi. Wakati ule wenyewe wanauita Gaf Daba, wakati wa kusimama, kwani kila kitu kilisimama: safari, malisho, ndoa, biashara. Vita vilikwisha baada ya mapatano ya Arusha, mwezi wa Oktoba 1967. Mzee wetu wakati huo alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Risasi ilimpata asubuhi, nje ya kambi, akimfuata mbuzi aliyepotea. Aliyempiga, asema, alivaa kofia ya chuma. Zaidi ya hayo hajui.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria, ni Sura ya 44 katika Sheria za Kenya, ya kuwakinga maafisa wa serikali na wanajeshi. Ilisema kwamba kwa jambo lolote walilolitenda kwa nia njema, au katika kazi ya kulinda usalama, baina ya tarehe 25 Disemba 1963 na tarehe 1 Disemba 1967, hakuna daawa itakayofunguliwa katika mahakama yoyote, wala fidia itakayodaiwa. Haikuwa sheria ya nchi nzima. Ilitaja mahali pake: Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu.

Rudieni kusoma majina mawili ya mwisho.

Mimi nalizaliwa baada ya vita vile, katika nyumba moja na mjomba wangu mwenye mguu mmoja. Yeye alikuwa mkulima wa bara ya Lamu. Usiku mmoja wa mwaka 1965 risasi zililia shambani, na asubuhi goti lake lilikuwa limesagika. Hakupata kujua kama risasi ile ni ya shifta au ya askari. Zote zilitoka gizani. Nakumbuka nikiwa mdogo, alivaa kanzu yake nyeupe na kofia ya vito, akapanda jahazi kwenda Mombasa kumwona wakili. Alikaa siku kumi. Aliporudi hakusema kitu. Aliegesha gongo lake ukutani, akaomba maji. Miaka mingi baadaye ndipo aliponambia kuwa wakili yule, mtu mwema, hakumtoza hata senti. Alimfungulia kitabu, akamwonyesha jina la Lamu kwa kidole. "Nalidhani," mjomba akanambia, "atanionyesha haki yangu. Akanionyesha kufuli."

Nilipomweleza mzee wa Biliqo habari hiyo, na mjukuu akamfasiria, alinishika mkono. "Basi wewe na mimi," akasema, "ni watu wa mlango mmoja."

Hili ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo. Wakili wa majeraha, awe hodari namna gani, hufungua milango iliyofungwa kwa ufunguo wa kortini. Lakini mlango wa mzee huyu na wa mjomba wangu ulifungwa Bungeni, kwa kura na saini. Jaji aliukuta umefungwa. Mlango wa namna hiyo hufunguliwa na siasa, na ndiyo sababu mawakili wa wanyonge katika nchi yetu hawakuweza kuiepuka siasa hata walipotaka.

Mtazameni marehemu Argwings-Kodhek. Yeye alikuwa wakili wa Kiafrika wa mwanzo mwanzo Kenya, na wakati wa hali ya hatari aliwatetea washtakiwa wa Mau Mau waliokuwa wakikabiliwa na kitanzi. Aliona kortini kuwa sheria yenyewe ndiyo iliyopinda. Mwaka 1955, serikali ilipokataza vyama vya nchi nzima na kuruhusu vya wilaya tu, alianzisha chama cha wilaya ya Nairobi. Mwaka 1957 aligombea kiti akashindwa na Tom Mboya; baada ya uhuru akawa mbunge wa Gem na waziri, hata kifo chake mwezi wa Januari 1969. Alianza na siasa za wilaya, kwa kuwa huko ndiko alikoachiwa nafasi.

Na sheria hiyo ya 1970, je? Mwaka 2010 mswada wa kuifuta ulifika Bungeni. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, baada ya kuwasikiliza watu wa kaskazini na wa pwani, ilitoa ripoti yake ikiwa bado inapendekeza ifutwe. Hesabuni wenyewe: tangu 1970 hadi 2013 ni miaka 43. Katika miaka hiyo tumewapeleka Nairobi wabunge wangapi kutoka Lamu, Tana River, Isiolo na Marsabit? Na wangapi tuliwauliza, siku ya kampeni, walipokuja na pilau na fulana: bwana, kufuli ya Sura ya 44 utaifanyaje?

Siasa za Bunge ziko mbali. Ziko nyingine za karibu, nazo zina majeraha yake. Biliqo ni nchi ya tembo na simba. Hapo zamani sheria ilimpa aliyefiwa kwa kuuawa na mnyama wa porini shilingi 30,000, bei ambayo haikununua hata kundi dogo la mbuzi wazuri. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilipandisha kiasi hicho: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na mpaka milioni 2 kwa jeraha jingine. Ni diya ya serikali hiyo, na kwenye karatasi ni nzuri. Lakini dai huanzia kwenye kamati ya kaunti, na kamati ina wajumbe, na wajumbe wana watu wao. Karatasi ya maskini huweza kukaa chini ya rundo miaka na miaka. Hapo mwenye jeraha hahitaji wakili wa London. Ahitaji mwakilishi wa wadi asiyeona haya kugonga meza, na kijana wa kijiji ajuaye kujaza fomu siku ile ile ya tukio.

Na watu wa Biliqo si wajinga wa korti. Mwaka 2021 wananchi wa sehemu hizo walifungua daawa juu ya hifadhi ya wanyama ya Biliqo Bulesa iliyoanzishwa katika malisho yao. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua kuwa hifadhi hiyo iliundwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Hiyo ilikuwa daawa ya ardhi, si ya jeraha la mwili; lakini yaonyesha kuwa kijiji cha vumbi, watu wake wakikaa pamoja, sauti yake hufika. Na huko Nanyuki, mwaka 2022, mahakama ya Kenya ilikataa hoja kwamba jeshi la Uingereza lina kinga, katika daawa ya moto wa Lolldaiga wa mwaka 2021. Zamani mtu alilazimika kwenda London kumdai Mwingereza. Siku hizi safari imekuwa fupi kidogo.

Najua yuko atakayesema: "Mwandishi wataka kila kovu ligeuzwe kura." Sivyo. Nimekwisha kutaja madalali, na katika siasa wako wengi kuliko kortini. Yuko mwanasiasa anayelipenda jeraha lisipone, apate kulionyesha kila miaka 5. Huyo si wakili wa mtu. Huyo ni muuza kovu. Alama yake ni moja: atakutajia jeraha lako kwenye jukwaa, lakini jina lako halimo katika daftari lake. Wakili wa kweli huanza na daftari. Wale 228 walilipwa kwa kuwa majina yao, siku zao na viungo vyao viliandikwa kimoja kimoja. Wale wa Mau Mau walisikizwa kwa kuwa karatasi zilikuwako.

Basi jawabu yangu kwa mzee nilimpa jioni ile, mbuzi wakirudi zizini. Nalimwambia: wakili wa jeraha lako sijamwona. Lakini habari yako yaweza kuandikwa. Akakubali. Mjukuu akatoa daftari lake la shule, tukaandika: jina la baba na la babu, kambi gani, mwaka gani, mvua gani, mbuzi wa rangi gani aliyepotea. Tukaandika urefu wa kovu kwa vidole: vidole saba. Mwisho mzee akatia dole gumba, kisha akaniuliza kama jina la mjomba wangu nalo limeandikwa mahali.

Nikaona haya. Halikuandikwa. Mjomba amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na mimi mwandishi wa nyumba yake sikuwahi kumkalisha nikaandika.

Ndugu zangu wa Lamu na Tana, wazee wa wakati ule wamebaki wachache. Waulizeni leo, muandike, mjumbe wenu akija kuomba kura mumtilie daftari mkononi kabla ya kumtilia chai. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki huanza na jina.

Mzee aliambia mjukuu wake afungue ukurasa mwingine. Katika daftari lile la Biliqo, chini ya dole gumba lake, sasa liko jina la mtu wa Lamu aliyepoteza mguu mwaka 1965.